Klabu ya wanafunzi wa uzamili: anzeni na kikao, katiba itafuata

Klabu ya kwanza niliyoshiriki kuianzisha chuoni ilikuwa na katiba ya kurasa kumi na nne, viongozi saba, mlezi, nembo tuliyochorewa Kariakoo, na fulana. Wanachama walikuwa wale wale viongozi saba. Tulikutana mara mbili: mara ya kwanza kupitisha katiba, mara ya pili kugawana fulana. Yangu ninayo mpaka leo, naifutia pikipiki.

Ya pili ilianza na watu sita, chupa ya chai na ubao mweupe usiofutika vizuri. Kwa miezi minane haikuwa na jina. Watu waliiita tu "ile ya Alhamisi". Nilipokabidhi tasnifu yangu ya uzamivu na kufungasha virago, ilikuwa imeshafanya vikao arobaini na kitu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayetaka kuanzisha klabu ya jambo analolipenda, na ambaye tayari kuna rafiki ameshamwambia, "Basi tukae tuandike katiba." Msiandike. Bado.

(Wapo wanaosema umahiri badala ya uzamili, hasa watu wa Kiswahili pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Klabu yetu ilibishana jambo hilo dakika ishirini nzima, chai ikapoa, mshindi hakupatikana. Hapa nitasema uzamili kwa sababu ndivyo nilivyozoea.)

Hatua ya 1: Chagua jambo, tena dogo

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaishi bwenini, anakula kantini, anakaa darasani na wenzake mia mbili. Klabu kwake ni kuvuka tu uwanja. Wewe wa uzamili ukishamaliza kozi unabaki na msimamizi wako na kompyuta yako. Una kazi, una watoto, unakaa Kibaha au Mbagala, na mwezi ujao uko uwandani Songea. Klabu inashindana na usingizi wako. Ndiyo maana jambo lenyewe lazima liwe dogo kiasi cha kusemeka kwa pumzi moja, na liwe ni kitu watu wanafanya, si kitu watu wanacho.

"Klabu ya watafiti vijana" si jambo. "Tunakutana Alhamisi, mmoja wetu anaeleza utafiti wake kwa Kiswahili kwa dakika kumi bila slaidi" ni jambo. Vivyo hivyo kutazama ndege chuoni Jumamosi kuanzia saa 12:30 asubuhi, mkiwa na darubini mbili za kupokezana. Au kucheza bao. Au kujifunza R, ile programu ya kuchambulia takwimu, pamoja, kila mtu na data yake. Nilijua kundi la watu wanne waliokuwa wakikaa chumba kimoja saa mbili wakiandika kimya, simu zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni mlangoni. Hakuna aliyezungumza. Ilikuwa klabu nzuri kuliko nyingi nilizoziona.

Jipime hivi: mweleze mtu kwa sentensi moja. Akikuuliza, "Halafu mnafanya nini hasa?" rudi ukapunguze.

Sisi jambo letu lilitujia lenyewe. Mwenzetu mmoja wa sayansi ya udongo alirudi kutoka vijiji fulani vya Morogoro amenyong'onyea. Mzee mwenye shamba alikuwa amemuuliza alichokipata baada ya kuchimba mashimo yote yale, naye akajikuta anatafuta maneno. "Nimesoma miaka kumi na minane," alituambia, "nimeshindwa kumwambia mzee wa watu nimechimba nini shambani kwake." Tulikuwa watatu mezani, wote tukainamia sahani zetu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mzee wake mahali fulani.

Wazo la kubana muda si geni. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha shindano la kueleza tasnifu ya uzamivu kwa dakika tatu na slaidi moja tu isiyosogea, na sasa linafanyika nchi nyingi. Hizo dakika tatu zilitoka bafuni: Queensland ilikuwa kwenye ukame, watu wakawa wanaoga kwa kipima muda cha dakika tatu ili kuokoa maji. Sisi tulijipa kumi, kwa kuwa Kiswahili cha mada zetu kilikuwa bado kinatafutwa mle mle katikati ya sentensi.

Hatua ya 2: Tafuta watu watano, mmoja mmoja

Usitangaze kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wote wa uzamili. Watu mia moja thelathini watakuwekea kidole gumba, watakuja wawili, mmoja akiwa amekosea chumba. Nenda kwa mtu, umtazame usoni, umwambie.

Watano wa idara tano ni bora kuliko ishirini wa idara moja. Mkiwa wa idara moja, kikao kinageuka haraka kuwa mahali pa kusengenya wasimamizi, na siku moja habari zinamfikia mwenyewe. Mkichanganyika, mwanasheria hana haya kumuuliza mtu wa kemia swali la kitoto, na swali la kitoto ndilo mnalolitafuta.

Huu ni ujumbe niliomtumia mmoja wa wale wa mwanzo, neno kwa neno:

"Habari za kazi dada. Alhamisi hii saa 10:30 jioni tunakutana watu sita chumba cha semina, ghorofa ya pili. Mmoja anaeleza utafiti wake kwa Kiswahili, tunamuuliza maswali, tunakunywa chai. Saa 12:00 kamili tumetawanyika. Wewe njoo usikilize tu."

Maneno yaliyofanya kazi ni mawili: saa ya kutawanyika, na "usikilize tu". Mtu mzima mwenye mtoto wa kumfuata shuleni hakubali kikao kisicho na mwisho, na hakuna anayependa kuitwa mahali akifika akabidhiwe kamati.

Waalike pia wanaotoka nje ya nchi. Kwetu alikuja mwenzetu Mkongomani aliyekulia Lubumbashi, anayesema "batu" pale sisi tunaposema watu. Siku ya kwanza mtu mmoja alianza kumsahihisha. Nilimvuta pembeni nikamwambia hapa si darasa la tano. Mkongomani huyo akaja kuwa mwelezaji bora kuliko wote, maana alishazoea tangu utotoni kutafuta njia ya kueleweka na watu wa Kiswahili tofauti.

Hatua ya 3: Siku, saa na ufunguo

Hapa ndipo klabu nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku iwe moja, isibadilike. Ukiuliza kundini "wiki hii ipi inawafaa?" umeshaiua. Wanaokuja watazoea siku, si tangazo. Kila wiki mbili inatosha; kila wiki ni mzigo, na mara moja kwa mwezi ukikosa kimoja unakaa miezi miwili hujaonekana, unaona aibu kurudi. Ijumaa haifai, watu wana swala mchana na safari jioni. Jumatatu kila mkubwa anaitisha kikao chake. Tukabaki na Alhamisi.

Saa 10:30 hatukuiokota. Ofisi za serikali zinafungwa saa 9:30 alasiri, kwa hiyo mtumishi anayesoma anawahi kufika. Wenye vipindi vya jioni wanaweza kuchungulia nusu ya kwanza. Na ukimaliza saa 12:00, anayeswali Magharibi ana muda wa kutosha, na wa mabasi ya mwendokasi anawahi kupanga foleni kabla haijafika barabarani. Mwezi wa Ramadhani hamisheni kabisa, sisi tulihamia Jumamosi saa 4:00 asubuhi bila chai. Mwaka wa kwanza hatukuhamisha. Waliofunga walikuja mara moja kwa adabu, wakakaa wanatazama birika letu, hawakurudi mpaka baada ya Idi. Kosa hilo lilikuwa langu, nalikumbuka vizuri.

Tazameni pia kalenda ya chuo. Wiki mbili za kabla ya mitihani na wakati wa mitihani yenyewe, fungeni, mtangaze tarehe ya kurudi siku hiyo hiyo mnayofunga. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, inatamanisha sana kufanyia shughuli ya wazi. Lakini angalia kwanza: vyuo vingi wakati huo viko kwenye mitihani au ndiyo vinafunga, na ukumbi utaupata mtupu kwa sababu kila mtu kaondoka.

Sasa ufunguo. Chumba cha semina kinaweza kuwa na kibali, mhuri na sahihi ya mkuu wa idara, bado kikabaki kimefungwa kwa sababu anayeshika ufunguo ameenda msibani. Mjue mtu huyo. Mjue kwa jina, ujue na zamu yake, umpelekee kikombe cha chai yeye kwanza. Kikao chetu cha tatu tulikifanyia chini ya mwembe, tumekalia matofali ya ujenzi, na tokea hapo tukawa na "mahali pa pili" palipoandikwa kabisa kwenye daftari. Chumba chenyewe kiwe na viti vya kusogezwa. Ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyofungiwa sakafuni unamfanya mmoja mwalimu na wengine wote wanafunzi, hata mkiwa watano.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza

Msianze na utambulisho wa vyeo. Jina, idara, unatoka wapi leo, basi. Hakuna meza kuu, hakuna mgeni rasmi, hakuna "itifaki imezingatiwa". Dakika tano za kumimina chai, kumi za kueleza, arobaini za maswali, zinazobaki ni za soga. Na atakayeeleza kikao kijacho atajwe kabla watu hawajainuka, jina lake liandikwe ubaoni mbele ya macho yake.

Yule dada wa udongo ndiye aliyetufungulia. Alisimama, akasema neno moja la Kiingereza, akasita, akalifuta kwa mkono hewani. Alitaka kusema uwezo wa udongo kushikilia virutubisho. Akafunga macho kidogo. Kisha akasema, "Udongo wa kule ni kama tenga. Ukitia mbolea, mvua ikinyesha inaondoka nayo." Kimya. Halafu mchumi, ambaye alikuja kusikiliza tu, akauliza: "Sasa hilo tenga linazibwaje, na nani analipia?" Dada akacheka, akaketi chini kabisa kwenye kiti. Sura ya tano ya tasnifu yake ilitokana na swali hilo, mwenyewe alikuja kutuambia baadaye.

Tulikuwa na kopo. Ukitamka neno la Kiingereza lisilo la lazima, unatia Sh 100. Siku ya kwanza kopo lilikusanya Sh 4,300, na Sh 1,900 kati ya hizo zilikuwa zangu mimi niliyeleta wazo la kopo. Msiifanye sheria kali, ni mchezo. Neno kama kompyuta, virusi au hidrojeni ni la kwetu tayari. Mezani tuliweka nakala iliyochakaa ya Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya mwaka 1990. Kamusi ikiwa na neno, tunalijaribu mdomoni. Ikiwa haina, mwelezaji anaeleza kwa maneno mengi. Kubuni istilahi papo hapo tulikukataza, baada ya mwanafunzi mmoja wa uhandisi kutuletea maneno kumi na mawili ambayo hata yeye wiki iliyofuata hakuyakumbuka.

Klabu yenu ya ndege au ya bao itakuwa na kopo lake la namna nyingine. Kitu kidogo cha kuchekana kinasaidia kuliko hotuba yoyote ya umoja.

Hatua ya 5: Baada ya vikao vitatu, nenda ofisini

Mkishakutana mara tatu mnajua nani anakuja kweli. Sasa ndiyo katiba.

Anza na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Usiende na katiba mkononi. Nenda ukaombe mfano wa katiba wanayoikubali pamoja na orodha ya viambatisho, kwa kuwa kila chuo kina sheria ndogo zake. Kwa kawaida wataulizia katiba, orodha ya wanachama na saini zao, majina ya viongozi na mlezi ambaye ni mwanataaluma. Kuna vyuo vinavyotaka pia mpitie serikali ya wanafunzi, kwa Mlimani ni DARUSO. Huko mtakutana na vijana wa shahada ya kwanza wanaoweza kuwa wadogo zenu wa kuzaliwa. Waheshimuni kama viongozi, msiwaite "wadogo zangu". Karatasi zenu zitatembea.

Katiba ya kurasa mbili inatosha. Muhimu ni vifungu ambavyo watu husahau: kiongozi akihitimu au akienda uwandani zaidi ya miezi mitatu, nani anashika? Akidi iwe ndogo, sisi tuliandika watu wanne. Na klabu ikifa, birika na kamusi viende wapi? Vyeo vitatu vinatosha, na hata hivyo cha mwenyekiti hakikuwa na kazi kubwa. Mwenye kazi ni anayebeba chupa ya chai.

Mlezi asiwe msimamizi wako. Nasema hivi kwa msisitizo. Siku mkitofautiana kuhusu sura ya pili ya tasnifu, klabu itanuniwa pamoja nawe. Tafuta mhadhiri anayepatikana chuoni, anayesaini karatasi siku ile ile, na asiyehitaji kufungua kila kikao. Profesa mkubwa mwenye safari nyingi ni pambo la barua tu.

Siasa za vyama ziacheni nje ya geti. Kueleza utafiti kuhusu uchaguzi si kosa, kuvaa rangi za chama kikaoni ni kutafuta barua ya kujieleza. Mlima wenyewe una kumbukumbu zake. Mwaka 1967 wanafunzi wa kilichokuwa wakati huo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walianzisha USARF, umoja wa mrengo wa kushoto uliokusanya vijana wa nchi kadhaa za Afrika, na mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, mwanafunzi wa hapo hapo. Mwishoni mwa 1969 wakatoa jarida, Cheche. Mwaka mmoja baadaye serikali ikavifuta vyote viwili. Watu wakisimulia habari hiyo husimulia siasa zake na ile amri ya kufuta. Mimi huvutiwa na kitu kingine: walikuwa na madarasa yao ya itikadi kila Jumapili asubuhi. Jumapili ya mwanafunzi, asubuhi, na watu walikuja.

Hatua ya 6: Fedha, kwa ufupi

Msikusanye kiingilio mwanzoni. Kopo na mchango wa chai vinatosha kwa mwaka mzima. Kashata na sambusa za watu wanane hazijawahi kumfilisi mtu. Pesa zikianza kupitia kwenye simu, zisikae kwenye laini ya mtu anayotumia kununulia umeme wa nyumbani. Wekeni laini ya klabu, na kila mwezi piga picha ukurasa wa hesabu uitume kundini, hata kama ni Sh 6,500.

Mfadhili akija na bango lake mwaka wa kwanza, mshukuruni mumwambie arudi mwaka wa pili. Bango linahitaji ukumbi, ukumbi unahitaji mgeni rasmi, na mgeni rasmi anahitaji fulana.

Halafu ile karatasi ya mahudhurio yenye namba za simu isiachwe mezani wala kupigwa picha na kurushwa kundini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, kuna dada aliwahi kunilalamikia kwamba alianza kupokea salamu za usiku kutoka kwa mtu asiyemjua. Tukaacha kuandika namba, majina tu.

Hatua ya 7: Mrithi na daftari

Mwanafunzi wa uzamili yupo miaka miwili, na mwaka wa pili yupo nusu. Ukisubiri uchaguzi wa mwisho wa mwaka, utakuta uliyemtegemea yuko Kigoma anahoji wavuvi. Sisi kila muhula mtu mmoja mpya alipewa ufunguo, birika na kazi ya kumtafuta mwelezaji, wakati wa zamani bado yupo. Wa zamani alikaa nyuma asiseme kitu. Kukaa kimya huko kulikuwa kugumu kuliko tasnifu, na mara mbili mlezi alinikonyeza ninyamaze.

Daftari ndilo lililoishi kuliko sisi wote. Si daftari la muhtasari wenye "yatokanayo", ni la shule, la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza una jina la anayeshika ufunguo na zamu zake. Wa pili una mahali pa pili pa kukutania na nani wa kuombwa. Baada ya hapo kila kikao kina mistari minne: tarehe, waliokuja, nani alieleza, na neno moja lililotushinda siku hiyo. Nilipokabidhi niliongeza ukurasa mmoja mwishoni, nao unasema hivi: sukari iwekwe kando, wawili wana kisukari, ubao ufutwe kwa kitambaa kilicholoa spiriti, dasta haisaidii, mvua ikinyesha wanakuja wanne, pika chai ya watu wanne, wakija wawili, kikao kinafanyika, mmoja anaeleza na mwingine anauliza.